Bei ya dalali na bei ya mwenye nyumba

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaotafuta nyumba Dar es Salaam, hasa wastaafu wenzangu, ambao mtaa mzima unajua kiinua mgongo chetu kimeingia lini.

Dalali alinipeleka Chanika kwenye nyumba ya vyumba vitatu. Milioni 48, akasema, "maongezi yapo." Lakini siku ile nilifika na gari la shemeji yangu, na maongezi yenyewe sikuyaona. Nikanyamaza. Nikarudi peke yangu kwa daladala, Aprili, masika imekolea. Maji yamefika barazani! Jirani mmoja, muuza maandazi, akanionyesha ukutani alama ya maji ya mwaka uliotangulia, imefunikwa kwa rangi mpya. Ni yeye aliyenipa namba ya mwenye nyumba.

Mzee wa watu alikuwa anataka milioni 38. Kumi zote zilizobaki ni cha juu. Dalali apewe ujira wake, sikatai, kazi ya kutembea juani naijua. Ila cha juu ambacho muuzaji hakijui na mnunuzi hakijui, mimi nakiita jina jingine.

Tukakaa. Sikumwambia "punguza, mzee wangu" basi, nilimhesabia. Shimo la choo limejaa. Bati za upande wa jikoni zimeoza. Hati hakuna, ipo karatasi ya mauziano tu. Tukafika 35. Nikamuuliza, mama anasemaje? Kimya. Kumbe mkewe yuko Tanga, hana habari. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya wanandoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenza, kwa hiyo sikutoa hata kishika uchumba mpaka mama afike. Alifika baada ya wiki mbili, akakaa, akasikiliza yote, akasema: 36, la sivyo anarudi zake Tanga. Nikalipa 36. Yule mama angekuwa dalali tungekoma.

Ombi langu ni kwa serikali za mitaa: msigonge muhuri kwenye mkataba mpaka muuzaji, mwenza wake na mnunuzi wakae benchi moja na bei isomwe kwa sauti. Kwetu sisi muhuri ulikuwa umeshawekwa mezani, mama yule akiwa bado Tanga.

Muuguzi mstaafu,
Chanika, Dar es Salaam