Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayetaka kununua nyumba tena

Mdogo wangu,

Nimesikia kwa watu, kama nisikiavyo mambo yako yote siku hizi, kwamba umepata nyumba Lamu. Mtaa wa Mkomani, ya ghorofa, ina zidaka ukutani na mlango wa nakshi, na dalali amekwambia kuna Mzungu anaivizia, kwa hivyo utume arubuni upesi. Huyo Mzungu yupo katika kila nyumba inayouzwa pwani hii. Sijapata kumwona.

Naandika hapa mbele za watu kwa sababu simu hupokei. Na pengine yuko mwingine Muscat au Doha anayetaka kutuma pesa zake vivyo hivyo. Naye asome.

Ile nyumba yako ya kwanza, ya Malindi, ulinunua kuta. Kwetu mtu aweza kuuza nyumba aliyoijenga kwa jasho lake, na kiwanja kikawa cha mwingine, ambaye babu yake aliandikishwa kuwa mwenyewe kwa sheria ya ardhi ya 1908 na wajukuu hata hawakai hapa. Mwenye nyumba humlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi, na akiuza, huuza mawe, mabati na milango. Karatasi aliyokupa yule mzee ilijaa mihuri na sahihi za mashahidi. Namba ya kiwanja haikuwamo.

Ndipo nikauliza. Siku ya maulidi ya kuhamia, kwa sauti ya chini, ardhi ni ya nani? Wewe ndiwe uliyepandisha sauti: "Karani wa wakili si wakili, dada. Kama una kijicho, sema." Mbele ya wakwe zako. Mama mkwe wako akainamia sinia. Mama akanifinya mkono ninyamaze, nikanyamaza, nikaenda kupakua pilau ya wageni kama mtu asiyetukanwa. Mpaka leo nikisikia kasida ile iliyokuwa ikisomwa, uso unanipata moto.

Utasema ningekwambia mapema. Lini? Ulinificha mpaka pesa zimeshatoka. Na karani huyohuyo alikuwa akipiga taipu mikataba ya mauzo wewe ukiwa bado unavaa kaptula ya shule. Anajua kwamba Kenya ardhi haiuzwi kwa mdomo, sharti maandishi, sahihi za pande zote na mtu wa kuzishuhudia. Anajua kwamba sachi ya ofisi ya ardhi, yaani kuangalia daftarini ardhi imeandikwa kwa jina la nani, hufanywa kabla ya shilingi ya kwanza kutoka. Barua ya mwenye kiwanja ilipokuja kudai malimbikizo ya kodi, nani alikwenda kumwomba asubiri? Nilimkataza Mama asikwambie. Basi leo nimesema mwenyewe.

Haya, Lamu. Nyumba nyingi za pale zina wenyewe zaidi ya mmoja. Mzee amekufa, mirathi haikugawanywa, mjane ana thumuni yake, yaani fungu moja katika manane, na mabinti wana mafungu yao. Ni nusu ya fungu la ndugu wa kiume, ndiyo, lakini ni haki yao. Anayekuuzia ni yule kaka aliyebaki na ufunguo. Nimeambiwa ana dada wawili, mmoja Jeddah. Wametia sahihi? Taka uione amri ya Kadhi yenye majina ya warithi wote, halafu kila jina lifuatwe na sahihi. Hakikisha si wakfu, maana wakfu hauuzwi. Na ile wikio, chumba kinachovuka juu ya njia, unayoisifu kwa picha, si ajabu ikawa ya jirani.

Usinunue kwa video. Video haionyeshi boriti. Tafuta fundi wa Lamu, si yule rafiki yako wa Malindi, apande agonge boriti moja moja ncha zake, pale zinapoingia ukutani, ndipo mchwa na unyevu huanzia. Ukuta uliopigwa saruji usikudanganye kwa weupe. Mawe ya matumbawe hutaka chokaa, yapate kupumua. Saruji huufungia unyevu ndani, na lipu ikabambuka. Na kila mfuko wa mchanga utafika mlangoni kwa punda, kwa hivyo bei ya ukarabati uliyozoea bara isahau kabisa. Mji wa Kale umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Ukitaka kuvunja ukuta au kuongeza ghorofa, waulize watu wa Makumbusho ya Taifa kwanza. Weka kando na ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani mjini. Ile mara ya kwanza hukuulipa kwa sababu hakukuwa na hati ya kuulipia, nawe ukaona umepata nafuu!

Wewe ndiye uliyelala mapajani mwangu ndani ya basi la Mombasa, homa imekushika, hutaki mtu mwingine akuguse. Sitaki uibiwe. Lakini sitaki tena kusema neno mbele ya wakwe zako.

Arubuni usitume. Wakili ninayefanya kazi kwake atakuangalizia karatasi, nimeshamwomba, na ni wakili kweli, cheti chake kimetundikwa ukutani. Ukipiga, piga kwangu, usipitishie kwa mkeo. Uwe na majina ya wale dada wawili mkononi. Kama huna, tutazungumza habari za Mama tu.