Mama ananitegemea, nami nataka kusomea nishati ya heliamu-3

Ndugu mhariri na wasomaji wenzangu, wakubwa shikamooni.

Nina miaka 27, mzaliwa wa Ujiji. Nafundisha fizikia kwa kujitolea katika sekondari moja hapa Kigoma, nalipwa posho tu. Mama anaanika dagaa Kibirizi. Ndio walionisomesha tangu baba alipofariki. Wadogo zangu wawili bado wako shule.

Sasa nimepata ufadhili wa kusomea uhandisi wa nyuklia nje ya nchi. Ninachokitaka si nyuklia ya kupasua urani, bali ya kuunganisha viini vyepesi kama jua linavyofanya. Njia inayotiliwa mkazo, hata kwenye mtambo wa ITER unaojengwa Ufaransa, ni deuteriamu na tritiamu, yaani aina mbili nzito za hidrojeni. Lakini asilimia 80 ya nishati yake huondoka na nyutroni, chembe zisizo na chaji, na hizo huchakaza kuta za mtambo na kuziachia mionzi. Moyo wangu uko kwenye kuunganisha deuteriamu na heliamu-3, aina nyepesi ya gesi ya heliamu, njia ambayo nyutroni zake ni chache sana. Nimeipenda tangu mwaka wa pili chuoni, na sijaweza kuiacha.

Ugumu naujua. Inahitaji joto kubwa mara kadhaa kuliko ile ya kwanza, na hiyo ya kwanza tu inataka nyuzi zaidi ya milioni 100. Tena heliamu-3 ni haba mno duniani. Iliyo nyingi imo kwenye udongo wa mwezini. Gerald Kulcinski na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, waliandika habari hiyo mwaka 1986, na yeye akaitumikia miaka mingi. Mpaka leo hakuna mtambo wa umeme unaoitumia.

Nilimweleza mama jioni moja tukikusanya dagaa wa mwisho waliokauka. Mwezi ulikuwa mpevu, mitumbwi yote imelala ufukweni, maana kwenye mbalamwezi dagaa hawaifuati taa. Akainua uso juu.

“Mwezi huu huu unaotunyima dagaa, baba?”

Hakucheka. Akafuta mikono kwenye kanga, akaendelea kukusanya.

Mwalimu wangu wa chuo ananishauri nisomee mionzi ya tiba, nirudi kwenye hospitali za saratani. Baba mdogo anasema nisubiri ajira ya ualimu. Wote wananitakia mema, na mshahara wa kweli ungempumzisha mama.

Naombeni ushauri, hasa wenzangu mliochagua kazi ambayo huenda msiyaone matunda yake. Nyumbani mliwaambiaje? Na wadogo zenu, mliwasomesha na nini? Chuo kinataka jibu langu mwezi ujao.

Msomaji wenu,
Ujiji, Kigoma