Volani inacheza? Tafadhali usikaze ile boloni

Wiki iliyopita Papa mmoja, mzee wa heshima, alisimama mlangoni mwa garaji yetu hapa Kamalondo, Lubumbashi, mbele ya wateja wengine wawili, akasema tumemwibia. Gari lake ni MGB jekundu, gari la zamani la Kiingereza la milango miwili, volani (usukani) kulia, lililovuka Kasumbalesa kutoka Zambia zamani. "Volani ilikuwa inacheza kidogo tu, fundi. Jirani yangu angeikaza kwa nusu saa. Ninyi mmekaa na gari siku tisa, halafu mnanidai dola 260!"

Nilimjibu palepale, lakini nimeona niandike pia, maana neno hilo la "angeikaza tu" tunalisikia kila kiangazi, na kila mwaka kuna gari linaloletwa hapa likiwa limekazwa tayari.

Boloni (bolti) za kukaza zipo kweli. Kremayeri, chombo kinachogeuza magurudumu ya mbele, kwenye gari hili ni mtaimbo wa chuma wenye meno, unaolala ndani ya bomba. Pinyo, gia ndogo inayotoka kwenye volani, inauvuta kushoto na kulia. Nyuma ya mtaimbo kuna kipande kinachousukuma uegemee pinyo, na kifuniko chake kimefungwa kwa boloni mbili juu ya vibati vyembamba kama karatasi. Ukitoa kibati kimoja na kufunga tena, mchezo unapungua. Jirani hadanganyi.

Shida ni kwamba meno hayaliwi sawasawa. Gari huenda moja kwa moja karibu muda wote, kwa hiyo meno ya katikati ndiyo yanayoisha. Ya pembeni yanabaki mapya kama siku yalipotoka kiwandani. Ukikaza mpaka katikati pasicheze, ukikata kona kali mtaimbo unabana, kwa sababu pale meno hayajaisha. Mwaka juzi kijana mmoja aliyefanya kazi hiyo nyumbani kwake alitoka mjini kuelekea barabara ya Likasi. Kwenye mzunguko wa kwanza alikata volani, akaiachia irudi yenyewe kama kawaida. Haikurudi. Alipanda ukingo wa barabara, na Mungu akamlinda. Tulipofungua, pinyo ilikuwa imekwaruzwa na meno mawili ya mtaimbo yamevunjika ncha. Kremayeri ambayo ingeweza kutengenezwa ikawa ya kutupwa, na kijana akalipa mara tatu ya kile alichokuwa anakikimbia.

Hata kununua nyingine kuna mtego wake. Kremayeri ya gari la volani kulia haiingii kwenye gari la volani kushoto, pinyo iko upande mwingine. Mteja wetu mmoja aliagiza ng'ambo ya mpaka bila kutuuliza, akaletewa ya kulia kwa gari la kushoto. Bado iko chini ya meza yetu, imefungwa kwenye gunia.

Turudi kwa Papa wa MGB. Siku ya kwanza hatukufungua chochote. Tulinyanyua mbele kwa jeki, tukaweka vigogo chini ili gari lisianguke, halafu mdogo wetu wa garaji akashika gurudumu kwa juu na chini akalitikisa. Likagonga. Nikakanyaga breki, akatikisa tena, likaendelea kugonga. Mgongano ukiisha ukikanyaga breki, tafuta kwenye bearingi ya gurudumu. Ukibaki, ni pivoti, ule mhimili wa wima ambao gurudumu la mbele hugeukia. Kisha akashika kushoto na kulia, mimi nimeweka kiganja juu ya sufle, ule mpira uliokunjwakunjwa mwishoni mwa kremayeri. Nilisikia kidole kikipigwa ndani, tik, tik. Hiyo ni rotile ya ndani, kiungo cha duara kinachounganisha mtaimbo na fimbo inayogeuza gurudumu.

Kwa hiyo mchezo wa Papa ulikuwa mahali pawili, na meno ya kremayeri hayakuhusika sana. Angeikaza mwaka mzima bila kuuondoa.

Pivoti za MGB zina nipeli, vichuchu vya kuingizia gresi, na zake zote zilikuwa zimezibwa na udongo mwekundu uliokauka kama tofali. Huu udongo wetu wa Katanga ni adui. Sufle ikichanika tundu dogo tu mwezi wa sita, vumbi linaingia, linachanganyika na mafuta, na hapo umeweka sanipepa ndani ya kremayeri yako. Mvua zikianza mwezi wa kumi na moja, maji yanafuata tundu lile lile. Sufle ni piesi (kipuri) rahisi kuliko zote katika kazi hii, lakini watu huifunga kwa mpira wa chemba, ule wa ndani ya tairi, na waya.

Siku tisa zilienda wapi? Siku mbili nzima zilikuwa za bushi za pivoti peke yake, yaani vibomba vifupi vinavyoizunguka pivoti. Bushi mpya ikishaingizwa kwa presi, tundu lake linakuwa dogo kuliko pivoti. Linapanuliwa taratibu kwa alezwari, kifaa cha kukwangua tundu, ya juu na ya chini kwa mstari mmoja, mpaka pivoti iingie kwa kusukumwa na dole gumba, bila nyundo. Ukizidisha kidogo, bushi imekufa, unaanza upya. Kazi hii simpi mwanafunzi.

Rotile nazo, tukizitoa, hatuzipigi kwenye uzi. Tumepokea nyingi zilizopondwa kichwa kama uyoga, nati hairudi tena. Tunapiga ubavu wa jicho la mkono wa chuma lililoishika rotile, kwa nyundo mbili kwa pamoja, inaachia yenyewe. Kabla ya kufungua tunahesabu mizunguko ya uzi kila upande na kuandika kwa chokaa sakafuni, ili mtaimbo ubaki katikati. Kuna wanaochomoa volani na kuigeuza ili "ikae sawa." Volani inanyooka, lakini gari linakata kona zaidi upande mmoja kuliko mwingine.

Na mafuta: ndani ya kremayeri ya MGB yanaingia mafuta ya gia ya 90, karibu theluthi moja ya painti, yaani kama desilita mbili. Ile gresi nzito ya chasi inashikamana kwenye kuta za bomba na kubaki huko, meno yanakauka. Nimefungua kremayeri iliyojaa gresi hadi mdomoni huku pinyo ina kutu.

Mwisho ni paralelizimu, magurudumu ya mbele yaelekee ndani kidogo, milimita 1.5 hadi 2.4. Tunapima kwa uzi, tunasukuma gari mita chache, tunapima tena.

Papa alilipa, ingawa uso ulikuwa bado umekunjwa. Nilimpa sanduku lenye piesi zake za zamani, kama tunavyompa kila mteja. Aliichukua ile pivoti, akapitisha ukucha kwenye shimo lililoliwa, akaitazama muda mrefu, kisha akaiweka mfukoni.

Kama volani yako inacheza, leta gari kabla hujashika spana. Kunyanyua na kutikisa hatulipishi, na utaweka kiganja chako mwenyewe juu ya sufle.