Na yule msichana je? Barua kwa mwanangu

Kisauni, Mombasa
Jumapili, baada ya Isha

Mwanangu mpenzi,

Salamu sana. Sisi huku wazima, joto tu limetuzidi. Nimeona heri nikuandikie kuliko kupiga simu, maana ile simu yako ya juzi ilinikata kauli. Uliniambia mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba mlipotazama hosteli ile filamu ya "12 Years a Slave", ya Solomon Northup, mtu mweusi huru wa New York aliyetekwa akauzwa utumwani, wenzako wote walilia isipokuwa wewe, na kwamba mmoja wao alikugeukia akakwambia, "Hata usingelia wewe, nyinyi watu wa Pwani ndio mliokuwa mkiuza watu." Kisha ukaniuliza kama una moyo wa jiwe. Nikakujibu nina chungu motoni, nitakupigia. Hakukuwa na chungu, mamangu. Nilikosa la kusema.

Basi Ijumaa nikaitazama mwenyewe. Mtoto wa mamako mdogo alikuja na kompyuta yake akaiunganisha na televisheni, na nyumba yetu waijua, televisheni ikiwashwa mtaa mzima una habari. Akaja ami yako, akaja Mama Jirani na wajukuu wake wawili, wakaja na vijana watatu wa maskani, ambao nadhani walifuata viazi karai zaidi kuliko filamu. Wote walijua ni "ile ya Lupita", iliyompa Oscar mwaka 2014, wakaja kama watu wanaokwenda arusini kwa mtoto wa kwao. Nusu saa haikupita, hakuna tena aliyekuwa akitafuna.

Unapakumbuka pale Solomon anapotundikwa mtini, kamba shingoni, ncha za vidole vya miguu ndizo zinazogusa tope? Kamera haiondoki. Nyuma yake watu wanatoka vibandani mwao, wanaendelea na kazi zao, watoto wanacheza. Mama Jirani akasema, "Jamani, hakuna wa kumkata hiyo kamba?" Mimi wakati huo nimesimama na birika, nammiminia ami yako chai. Kikombe kikajaa, nikatia sukari, nikakoroga. Ndipo nilipojiona. Mtu ananing'inia mbele yangu nami nakoroga sukari, sawasawa na wale wa nyuma. Nikaweka birika chini nikaketi, na ile chai ami yako hakuinywa.

Kila mtu alitoka na lake. Kijana mmoja wa maskani alicheka mjeledi ulipoanza, kicheko kile cha pua, wenzake wakamkemea. Mimi sikumkemea. Nimeshaona watu wakicheka matangani, na si kwa furaha. Mama Jirani alijifunika uso kwa leso tangu Patsey, yule msichana mtumwa anayeigizwa na Lupita, alipofungwa kigingini mpaka alipofunguliwa, akawa anarudia neno moja tu chini ya ile leso: "Sabuni. Kwa kipande cha sabuni." Msichana anayechuma pamba ratili 500 kwa siku, kuwapita wanaume wote wa shamba lile, ametoka kidogo kwenda kutafuta sabuni ajisafishe, na ndilo kosa lake.

Ami yako yeye alikohoa, akasema, "Hayo ni ya Wazungu. Huku kwetu mtumwa alikula na bwana wake sinia moja." Hiyo sinia, mwanangu, nimeisikia tangu utotoni. Na sijamsikia hata siku moja akiisimulia mtu mwingine ila mjukuu wa mwenye sinia.

Mjukuu mdogo wa Mama Jirani akauliza, "Mbona hawakimbii?" Watu wazima wote kimya. Nikamwambia, wa huku walikimbia. Walikimbia kutoka mashamba ya Mombasa, Takaungu na Malindi, wengine wakajenga vijiji vyao msituni kama Fuladoyo, wengine wakaingia Rabai kwa wamisionari. Mwanzoni mwa 1889, pale Rabai, watoro zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru, na waliolipwa fedha ni mabwana. Mtoto akacheka, akasema mtoro ni yule asiyekwenda shule. Ndivyo anavyolijua neno hilo, nawe ulilijua hivyohivyo. Nimelitumia kwako mara ngapi, na kipande cha mti mkononi!

Na si neno hilo tu. Kengeleni, pale Freretown, umepita miaka minane ukienda shule. Makonda wanaita "Kengeleni, Kengeleni, shuka!" na hakuna anayeinua macho kuitazama hiyo kengele yenyewe. Freretown ilianzishwa 1875, miaka miwili tu baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja. Waliowekwa pale ni watu waliookolewa majahazini, Wayao, Wamakua, Wanyasa, na kengele ilipigwa kuwaonya kwamba wawindaji watu wanakuja. Sikukwambia hata mara moja. Nilikwambia uangalie magari unapovuka.

Filamu ikafika mwisho. Solomon akachukuliwa na gari la farasi, akarudi kwao New York baada ya miaka 12, vijana wakashusha pumzi. Mama Jirani akashusha leso. "Na yule msichana je?" Nikamwambia hakuchukuliwa, alibaki kulekule. "Alibaki? Kisha?" Hakuna aliyemjibu.

Nami hapo nikamkumbuka nyanya yangu, ambaye wewe hukumdiriki. Nyanya alikuwa hatoki hata mlangoni kununua samaki bila buibui, na muuza samaki mwenyewe mzee kipofu wa jicho moja, la pili nalo halioni vizuri. Siku moja, nina kama miaka kumi na miwili, tunachagua mchele, nikamuuliza, nyanya, huyu haoni, wajifunikia nini? Akasema, "Mamangu alikatazwa." Akaendelea kutoa chuya. Nilikuwa mkubwa nilipoelewa kwamba kujifunika lilikuwa vazi la waungwana, na mjakazi, yaani mtumwa wa kike, hakuruhusiwa. Mamake nyanya alikuwa mjakazi katika nyumba moja ya Mji wa Kale. Ametoka wapi? Nyanya alisema "Nyasa", lakini Nyasa kwa watu wa zamani lilikuwa jina la kila aliyeletwa kutoka kusini. Hilo ndilo tulilo nalo, neno moja na buibui.

Sasa upande wa babako. Huko kuna shamba la minazi, na shamba lilikuwa na watu. Serikali ya Waingereza ilipoifuta hali ya utumwa kisheria hapa pwani mwaka 1907, fidia walipewa waliokuwa na watumwa, kama kule Rabai. Kwa akina babako husemwa kwamba mabati ya kwanza ya nyumba ile ya zamani yalinunuliwa kwa fedha hizo, na husemwa kwa kujivunia: nyumba ya kwanza ya bati mtaani. Nimelala chini ya bati lile miaka tisa. Mvua ikinyesha lilikuwa na kelele sana.

Nilipochumbiwa, shangazi mmoja wa kwao aliuliza asili yangu. Mamangu, Mungu amrehemu, akajibu bila kupepesa jicho, "Sisi waungwana." Nyanya alikuwa pale kitandani, anasikia. Hakusema kitu. Lile neno leo ni tabia njema, mtu mpole, mstahiki. Zamani lilikuwa na maana moja ngumu zaidi, mtu asiyemilikiwa. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, yule mtangazaji, mzaliwa wa Freretown, ambaye ukoo wake ulitokana na watumwa walioachiwa huru, alituuliza redioni miaka na miaka, "Je, huu ni ungwana?" Nasi tukidhani anazungumzia wanaotupa takataka njiani tu.

Kwa hiyo huyo mwenzako, usigombane naye. Alisema kweli, ila alikuona upande mmoja. Mwambie ukipenda, au usimwambie, ni siri yako sasa kama ilivyokuwa yangu. Wenzako waliingia filamuni wakajua pa kusimama, wakalia na Patsey. Wewe, nadhani, damu ilikuwa inakuvuta huku na huku bila ya kujua kwa nini, kwa sababu sisi hatukukwambia. Mimi pia sikulia Ijumaa. Nimelia leo, alasiri, nikisugua sufuria, na sabuni mkononi.

Ami yako amenuna kidogo. Nilimwambia habari ya bati mbele ya vijana. Atakuja tu, mahamri yangu hawezi kuyakosa.

Kashata nimempa dereva wa basi la usiku, zimo ndani ya kopo la maziwa la kijani, hakikisha kifuniko hakijafunguliwa. Ukija Desemba shukia Kengeleni, nitakuwa pale na mjukuu wa Mama Jirani, maana amenisumbua kutaka kuiona ile kengele. Buibui la nyanya, lile la kizamani la kufunga kwa ugwe kichwani, nimelitoa sandukuni nimelianika, lingali linanukia udi. Upande wa kushoto lina tundu la kaa la chetezo. Nitakupa, ila usilishone.

Mamako