Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kima cha Chini cha Mshahara Kwenye Matawi

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama atawasomea mweka hazina, na orodha ya wanachama wapya iko kwa katibu. Mimi nitabaki na jambo moja ambalo kamati imelirudia karibu kila kikao: malipo ya wafanyakazi kwa sisi wenye migahawa zaidi ya mmoja.

Swali tuliloulizwa mara nyingi ni kwa nini mwenye ofisi kuu hapa alipe kiwango cha kule lilipo tawi. Jibu ni kwamba, kwa kawaida, mshahara hufuata mahali kazi inapofanyika, si ilipo ofisi wala benki. Mhasibu anayetumia kiwango kimoja kwa matawi yote anaweza kuwa sahihi kwenye tawi la kwanza na kuvunja sheria kwenye la tatu, kwa hesabu ile ile.

Kila nchi ina namna yake ya kugawa. Kenya hutazama eneo: majiji makubwa yana kiwango chake, zilizokuwa manispaa chake, na sehemu nyingine zote chake. Tanzania hutazama sekta na aina ya biashara, ndiyo maana hoteli kubwa ya kitalii na mgahawa haviwekwi fungu moja. Uingereza haijali mji, inajali umri. Tangu Aprili 2024 kiwango cha juu zaidi cha kima cha chini kinaanza miaka 21, kwa hiyo tarehe ya kuzaliwa ya mhudumu ni sehemu ya hesabu ya mshahara.

Marekani ndiko mambo yamepandana zaidi. Serikali kuu imebaki kwenye dola 7.25 kwa saa tangu 2009, majimbo mengi yamekwenda juu ya hapo, na baadhi ya majiji yamepita majimbo yao. Mfanyakazi hulipwa kile kilicho juu kuliko vyote. Kisha California, Aprili 2024, ikaweka dola 20 kwa saa kwa migahawa ya chakula cha haraka iliyo kwenye mtandao wa matawi 60 au zaidi nchini kote. Matawi hayo huhesabiwa kwa jina la biashara, si kwa mmiliki. Mtu mwenye mgahawa mmoja tu, aliyekodi jina kubwa la biashara, yumo ndani. Wenzetu wanaofikiria kukodi majina waisome hiyo kabla ya kutia saini.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, kiwango ndiyo sehemu rahisi: kinatangazwa, unakisoma, unakilipa. Tunakoharibikiwa ni kwenye saa.

Tuna desturi ya kuazimana watu. Mpishi anafanya zamu ya asubuhi tawi moja, jioni anapelekwa kuziba pengo tawi jingine. Kila meneja anaona zamu fupi isiyo na tatizo, na hakuna anayeona jumla. Kwa sheria ya serikali kuu ya Marekani, mwajiri akiwa mmoja saa hizo huunganishwa, na zinazozidi 40 kwa wiki hulipwa mara moja na nusu, isipokuwa kwa wale ambao sheria imewaondoa kwenye malipo hayo ya saa za ziada. Muda wa kutoka tawi hadi tawi katikati ya siku ya kazi nao ni kazi. Wapo waliosajili kila tawi kama kampuni yake wakidhani wamejenga ukuta. Pale ambapo mwenye mali, uongozi na wafanyakazi ni wale wale, ukuta huo hausaidii sana mbele ya mkaguzi.

Makato ni mlango mwingine. Sare, sahani zilizovunjika, upungufu kwenye droo ya fedha: kila kato laonekana dogo, lakini Marekani ina kanuni zinazozuia makato ya namna hii yasimshushe mtu chini ya kima cha chini, na Uingereza huzuia hivyo kwenye makato ya sare.

Kuhusu bahashishi, Uingereza hairuhusu zihesabiwe kama sehemu ya kima cha chini. Sheria ya serikali kuu ya Marekani inaruhusu mwajiri kutoa dola 2.13 taslimu kwa saa, kiasi ambacho hakijaguswa tangu 1991, mradi bahashishi zifikishe 7.25, na zisipofika mwajiri aongezee. California haikubali mpango huo kabisa, na Chicago ilianza kuupunguza Julai 2024. Mwenye matawi pande zote mbili za mpaka wa jimbo hawezi kuwa na fomu moja.

Mafunzo ya mwaka huu yalihudhuriwa zaidi na mameneja, wenye mali tukiwaona wachache. Sikupendezwa nalo, kwa sababu mameneja walituambia jambo ambalo wenye mali ndio walipaswa kulisikia. Bonasi zao hupimwa kwa gharama ya wafanyakazi kwenye tawi. Mwezi ukiwa mbaya, njia ya haraka ni kumtoa mtu kwenye rejista ya saa za kazi huku akiendelea kusafisha jiko. Sisi ndio tunaoweka shabaha hiyo, kisha tunashangaa saa zinapopotea.

Anayegundua pengo alirekebishe kabla hajatembelewa. Uingereza, mwajiri aliyekutwa na pengo hulipa malimbikizo, anaweza kutozwa faini ya hadi asilimia 200 ya kiasi hicho, na jina lake laweza kutangazwa hadharani.

Kamati inaleta mapendekezo mawili. Kwanza, kila mwanachama ateue mtu mmoja wa kutunza daftari la viwango vya kila tawi na tarehe vinapobadilika, na mtu huyo ndiye aunganishe saa za wafanyakazi wa kuazimwa kila wiki kabla ya malipo. Pili, bonasi ya meneja isipimwe kwa gharama ya wafanyakazi peke yake. La pili lina wapinzani ndani ya kamati yenyewe, nao watapewa nafasi ya kusema. Kura itapigwa mara baada ya mweka hazina kumaliza.