Barua kwa wanangu mnaoigiza

Wanangu wa Bongo Muvi, salaam.

Nilipokuwa mdogo Tanga, mama yangu alinipeleka sinema ya Majestic kutazama picha ya Kihindi. Kihindi hakukijua hata neno. Alilia mpaka taa zikawashwa, akalia njiani, na asubuhi akanipa uji macho yamevimba. Nikamwambia, "Mama, si wanaigiza tu wale?" Akajibu, "Najua. Nilikuwa namlilia kaka yangu." Mjomba tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia, na msibani mama hakutoa chozi, alikuwa jikoni akipikia watu.

Mtazamaji anakuja na msiba wake mfukoni, ninyi mnampa tu pa kuulilia. Sasa nawaona mkijipaka dawa ya mafua chini ya macho na kupiga mayowe mpaka maiki inakoroma. Ya nini? Jukwaani tulipaza sauti kwa sababu ya yule aliyekaa nyuma kabisa. Kamera inakuja mpaka kwenye kope. Jizuie kulia, mwanangu, pambana na hilo chozi, naye atalia kwa niaba yako.

Mwigizaji mwenzenu Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, na miaka yake 28, nilikwenda viwanja vya Leaders, Dar es Salaam, kumuaga. Maelfu ya watu, wengine wakizimia, na wengi wao walimjua kwa kioo cha televisheni tu. Mama mmoja pembeni yangu alikuwa akisema "mwanangu, mwanangu", nikadhani ni ndugu. Kumbe alikuwa akitazama CD zake usiku akimaliza kukaanga maandazi. Basi jueni mnaingia nyumba za watu kiasi gani.

Na ninyi mna nyumba zenu. Niliwahi kucheza mlevi anayepiga mke. Sokoni muuza nyanya alikataa kuniuzia, hilo nililicheka. Lakini nyumbani niliendelea kuongea kwa sauti ya yule mlevi, wiki ya tatu mke wangu akaniambia, "Huyo mgeni mrudishe ulikomtoa." Tangu siku hiyo, mwongozaji akisema "kata" ya mwisho naoga palepale lokesheni, navua nguo za uhusika, naziacha. Hata maji yawe ya ndoo. Vijana wa siku hizi mnatoka kwenye shuti na uhusika mnaingia nao Instagram, steringi mchana, steringi usiku, kodi ya chumba miezi minne hamjalipa.

La mikataba sitalirefusha maana linaniuma. Picha yangu iliyopendwa kuliko zote niliiuza moja kwa moja, haki zote, nikasaini juu ya boneti ya gari, jua kali, karatasi sijaisoma. Miaka baadaye nikapanda basi la kwenda Dodoma, wakaiweka. Abiria wakacheka, wakalia, mmoja akageuka akanitambua, basi zima likapiga makofi. Konda naye akapiga makofi, kisha akanidai nauli kamili.

Jumamosi jioni huwa nipo barazani kwangu, na wengi wenu mnapajua. Mwenye mkataba aje nao kabla hajasaini. Miwani ninayo, na kahawa haikosekani.

Mzee wenu.