Lile shairi nililosoma siku ya kumuaga kaka yako

Rafiki yangu,

Barua hii nimeiahirisha tangu siku ile. Nilipomaliza kusoma ulitoka nje, nikakufuata, nikakukuta umeikunja ile karatasi ya shairi mpaka imebaki ndogo kama kijiti cha kiberiti, ukaniambia "Huyo mtu wa kwenye shairi simjui, kaka yangu hayumo humo." Na mimi ndo nililichagua. Sikukujibu maana jibu sikuwa nalo, na leo naandika wazi hivi kwa sababu najua wapo wengine waliosomewa mashairi ya namna ile kwenye msiba wa mwanajeshi wao wakarudi nyumbani wapweke kuliko walivyokuja.

Lile shairi ni la Rupert Brooke, mshairi na askari Mwingereza, aliliandika 1914 vita kuu ya kwanza ndo inaanza. Anasema nikifa fikirieni hivi tu, kwamba ipo kona ya shamba la ugenini ambayo sasa ni Uingereza milele. Linasomeka kwa utulivu sana na utulivu huo ndo ulinivuta. Juzi nimekaa nalo nikahesabu, mistari 14 na Uingereza imetajwa mara 6, jina la marehemu halimo, mama hayumo, yaani hata aliyemzaa huyo askari ni Uingereza! Ulikuwa sahihi kabisa, mtu mwenyewe amefutika ikabaki nchi. Ila simlaumu Brooke, aliandika akiwa hai bado, anakisia kifo chake, na Aprili 1915 akafa kweli, damu iliingia sumu baada ya kung'atwa na mbu, akiwa njiani kwenda vitani Gallipoli, Uturuki. Shairi la mtu anayejiaga mwenyewe linaweza kuwa tulivu. Wewe hukuwa unajiaga, wewe ulikuwa umefiwa.

Basi nikaanza kutafuta wengine walisemaje. Wilfred Owen, naye askari na mshairi Mwingereza, aliandika soneti, mistari 14 ileile, mwaka 1917, akiwa hospitali karibu na Edinburgh anatibiwa mshtuko wa vita. Anaanza kwa kuuliza hawa wanaokufa kama ng'ombe watapigiwa kengele gani, halafu anajibu mwenyewe: mizinga, bunduki, makombora yanayolia kama kwaya iliyopata wazimu. Nusu ya kwanza yote ni makelele. Halafu ghafla shairi linahama kutoka vitani linaenda nyumbani na sauti inashuka, mishumaa haiko mikononi iko machoni mwa wavulana, sanda ni weupe wa nyuso za wasichana, na mstari wa mwisho ni mapazia yanayoshushwa taratibu kila jioni. Enzi hizo Uingereza nyumba yenye msiba ilishusha mapazia, hiyo ni mara moja, lakini Owen kasema kila jioni! Hapo nilisimama kusoma, nikamkumbuka mama yako na simu ya kaka, vile kila jioni anaichomeka chaji na anasubiri kwanza aone ile taa imewaka ndo anakwenda kulala. Brooke hana mahali pa kuweka kitu kama hicho. Owen anapo, japo na yeye hakutaja jina la mtu hata mmoja.

Lililonitesa zaidi ni la Rudyard Kipling, mwandishi Mwingereza, na nilikuwa sitaki kabisa kulipenda. Huyu mzee aliipigia debe vita, mwanaye John alikuwa na macho mabovu, jeshi likamkataa, baba akatumia watu anaowajua mpaka kijana akapokelewa, akapotea kwenye vita vya Loos, Ufaransa, Septemba 1915 akiwa na miaka 18. Baba akaja kufa 1936 bado hajui mwili wa mwanaye uko wapi. Mwaka 1916 akaandika shairi ambalo mzazi anauliza, una habari za kijana wangu Jack? Anajibiwa, si kwa maji haya. Atarudi lini? Si kwa upepo huu unaovuma, wala kwa maji haya. Jack ni jina ambalo Waingereza waliwaita mabaharia kwa hiyo kwa nje si John, lakini nani anadanganywa hapo. Mwishoni anaambiwa atembee kichwa juu kwa sababu mwanaye hakuwaaibisha watu wake, na mimi kila nikifika hapo naona faraja imekuja lakini swali la mwanzo limebaki palepale, habari hakuna. Mama yako naye waliokuja kumpa taarifa walimwambia ajivunie. Akawajibu ndiyo, asante, halafu akauliza tena alikuwa amevaa nini.

Hata kwetu ni hivyo. Shaaban Robert alitunga utenzi mzima wa vita vya 1939 hata 1945, lakini ukitaka kumsikia analia nenda kwenye shairi la Amina, mkewe, pale anapomwita kwa jina kwenye neno la kwanza kabisa.

La mwisho nakutumia, hili soma mwenyewe ukiwa peke yako, ni la Yusef Komunyakaa, mshairi Mmarekani, alikuwa vitani Vietnam. Amesimama mbele ya ule ukuta mweusi wa Washington wenye majina ya Wamarekani waliokufa kule, kwenye shairi anataja 58,022, anayapitia huku anategemea kukuta na lake, anagusa jina la mtu mmoja na mlipuko anauona upya. Alikuwa ameapa hatalia. Ukuta unang'aa kama kioo, sasa anaona mwanamke kama anafuta majina, halafu anagundua hapana, anamchana mtoto nywele. Linaishia hapo.

Ningekuwa na siku ile tena ningesoma hilo, au nisingesoma kitu, ningekuomba wewe useme tu alivyokuwa anacheka. Bado nataka kusikia. Nitakuja Jumapili, na mama mwache aendelee kuichaji ile simu, watu wakimsema niite mimi.